Kilima Juu ya Skrini

Majirani walimwita Mzee Lawama, naye hakukana. Tangu azike mkewe alikuwa na wimbo mmoja tu: wakubwa wa hospitali walinunua chaki wakaiita dawa ya moyo, na mama wa watu akafa akiimeza. Vidonge vilivyobaki alitembea navyo mfukoni mwa koti, hadi maabara ya kupima dawa na vyakula ilipokubali kuvipokea.

"Kaa hapa, baba," alisema mkemia, binti wa rika la kitindamimba wake. "Usiguse kitu."

"Niguse nini, mwanangu? Mimi hata redio hunishinda."

Binti alisaga vidonge, akaviyeyusha, akachuja, akajaza kichupa kidogo kama cha manukato. Pampu, alieleza, itasukuma maji hayo ndani ya bomba la chuma lililoshindiliwa unga laini. Kila kilichomo kitatoka kwa zamu yake, na kikitoka, mstari kwenye skrini utapanda kilima.

Mashine ikaanza kuhema taratibu. Mzee akasinzia. Pumzi ile aliijua. Ndivyo mkewe alivyokuwa akilala ubavuni mwake, kabla moyo haujamchosha. Chumba kikawa kama kinaelea. Alipofumbua macho, mstari ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Chaki!" Akaruka. "Sikusema mimi? Majizi yale! Nitayaumbua!"

"Baba, baba, taratibu! Hicho ni kichupa kingine, kisicho na dawa. Tunaanza nacho tujue mashine ni safi. Halafu dawa halisi ya kulinganishia. Yako ya mwisho."

Akakaa, uso umemshuka. Kilima cha kulinganishia kikapanda, kikashuka. Ikaja zamu ya vidonge vyake. Mstari ulitambaa, ukatambaa, kisha ukainuka palepale, kimo kilekile. Na kileleni akamwona mkewe ameketi, miguu kainyoosha, anamcheka bila sauti.

"Ni dawa kamili, baba."

Mzee alipapasa mfuko mtupu wa koti.

"Safari hii wameponyoka," akasema. "Ila walimsotesha kwenye foleni hadi akachoka, na hilo mashine yako haipimi."

"Haipimi, baba."

"Kwa hiyo hakumeza chaki."

"Hakumeza."

Akavuta kiti karibu na skrini. "Hebu nirudishie kile kilima, mwanangu. Kidogo tu."