Rimu Alizozichagua Kona

Dada yangu walimbandika jina la Kona kwa sababu kwenye uwanja wa mbio aliwapita wenzake palepale wao walipokanyaga breki. Gari lake lilikuwa dogo, la viti viwili, na alilitengeneza mwenyewe kwa miaka saba, kipande baada ya kipande. Mwaka wa nane macho yakaanza kufifia. Kwanza akawa haoni vya pembeni, kisha nyuso za watu, mwishowe giza tupu. Daktari alisema mishipa imekufa na hakuna dawa.

Gari likakaa chini ya turubai miaka miwili. Kila Jumamosi Kona alikwenda kuliwasha, akakaa kwenye kiti cha dereva huku injini ikinguruma. Mimi ni seremala, na karakana yangu imepakana na gereji yake. Kila nikisikia mngurumo ule, randa ilinisimama mkononi.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Dada, liuze tu. Linakutonesha kidonda."

"Kidonda ninacho, liwepo lisiwepo," akajibu. "Matairi ndiyo yameshakufa kwa kukaa. Nipeleke nikachague mengine, na rimu zake. Utaendesha wewe."

Mimi, niliyezoea pikapu ya kubebea mbao.

Fundi wa matairi alimfahamu tangu zamani. "Umekuja kununua au kubishana?" akamuuliza.

"Tuanze na kubishana."

Ukutani zilining'inia rimu za inchi kumi na tisa, zinang'aa kama sinia jipya. Ulimi ukaniteleza: "Dada, mwenye macho haambiwi tazama."

Nilitamani ardhi inimeze. Kona alicheka. "Na asiye nayo anapapasa. Zilete." Akaipakata moja, akaipima uzito. "Hii ya kwenda nayo harusini. Nzito, na tairi lake lina ubavu mwembamba kama chapati. Nataka inchi kumi na saba, nyepesi."

"Breki zako ni kubwa," fundi akaonya. "Rimu ndogo huenda ikazigusa."

Wakalijaribu gurudumu moja. Kona akapiga magoti sakafuni, akapenyeza kidole katikati ya breki na rimu, akakizungusha polepole. "Kidole kinapita," akasema. "Inatosha."

Ukabaki upana wa matairi. Fundi alitaka ya nyuma yawe mapana kuliko ya mbele, ili gari lisimponyoke dereva mgeni kama mimi kwenye kona. Kona alikizungusha tena kidole ndani ya gurudumu.

"Ningekuwa naendesha mimi," akauliza, "ungenipa yapi?"

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. "Wewe? Yote manne upana mmoja. Pua ya gari ikufuate unakotaka."

"Basi nipe hayo."

Jumapili asubuhi tukaingia uwanjani kwa mazoezi, mimi kwenye usukani, yeye kando yangu, kofia ngumu kichwani. Uwanja aliujua kwa kuhesabu. "Bado," alisema. "Bado. Sasa." Mizunguko miwili ya kwanza nilikanyaga breki kabla ya hiyo "sasa" yake, naye akasonya. Wa tatu nikajikaza nikamngoja. Matairi yakashika, gari likaingia kwenye kona kana kwamba limevutwa kwa kamba. Tulipotoka na barabara kunyooka, nikamtupia jicho. Mikono yake ilikuwa hewani mbele ya kifua, inarudisha usukani usiokuwepo. Mguu wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu.

Niliegesha pembeni, nikazima injini.

"Yameshika?" akauliza.

"Yameshika, dada. Sijawahi kuona kitu kama hicho."

"Nilijua yatashika." Akaishusha mikono mapajani. "Nilitaka niyasikie kwa mikono yangu, mdogo wangu. Mara moja tu."

Nikamgeukia, nikafungua mdomo nimfariji.

"Usiseme kitu," akaniambia. "Matairi yamepata moto, upepo umezidi. Punguza kidogo kwenye ya mbele, turudi."

Nikashuka nikapunguza, tukarudi.

Hadi leo tunakwenda kila mwezi. Nimekuwa dereva wa wastani, na Kona hanisamehe kosa hata moja tukiwa uwanjani. Lakini tukishatoka getini hunyamaza njia nzima, uso ameuelekeza dirishani, nami nimejifunza kutomuuliza anawaza nini.