Kavira Afundisha Watoto Kusamehe

Katekista Kavira aliwatungia watoto wa parokia hadithi ya vita vya mababu, waiigize baada ya misa. Msaliti aliyewaonyesha maadui mlango alimpa jina la Ngeleza. Jina hilo ni la jirani aliyewaonyesha wauaji mlango wa kaka yake Kavira kule Rutshuru, na sasa anasali papa hapa Katindo.

"Mama Kavira, huyu mubaya tumuue?" watoto waliuliza kwenye mazoezi.

"Hapana, sisi ni Wakristo. Mumusamehe. Lakini kwa jina, na kwa sauti!"

Jumapili, Ngeleza mwenyewe alikaa benchi la mbele.

"Ngeleza, uliwaonyesha mulango! Tunakusamehe!" watoto wakapaza sauti.

Kanisa zima likamgeukia. Kavira akapiga makofi.

"Murudilie, watoto wangu. Muzee hajasikia muzuri."