Mpaka Mama Atoke Ziwani

Niseme mapema ili usihangaike kumtafuta: mpumbavu wa siku ile nilikuwa mimi. Walikuwapo watoto wa darasa la tatu wamejaa uwanja, alikuwapo mwalimu wao, alikuwapo hata mbuzi wa mlinzi wa shule, na katika wote hao aliyekosa akili alikuwa Masele, mtu mzima mwenye mabuti. Ndiyo siku iliyotulazimisha kumwambia Winnie kwamba mama yake amekufa.

Mama yake alikuwa dada yangu, Selina. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na nilipokua nikamlipa kwa kumtania kila siku ya Mungu. Alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alivuka ziwa kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa watu wa marehemu mume wake, akarudi na magunia, akauza, akavuka tena. Masika ya mwaka ule aliondoka na homa, akasema ni uchovu tu. Haikupita wiki tukaletewa habari. Mimi na mama yetu tukavuka kwenda kumzika huko huko, ubavuni mwa mumewe. Winnie tulimwacha kwa jirani. Tulimwambia tunakwenda kumsalimia mama.

Tuliporudi, mama yetu, Bibi Dorotea, alikuwa amenyolewa kipara cha msiba. Mtoto akamzunguka, akamtazama mbele na nyuma.

"Bibi, nywele zako ziko wapi?"

Mama akanyamaza. Mimi mdomo wangu haujui kunyamaza. "Bibi yako ameandikishwa jeshini," nikasema. "Kesho alfajiri anaanza mchakamchaka."

Winnie alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akauliza, "Na mama?"

"Mama bado yuko Nansio. Dagaa wa mwezi huu ni wakaidi."

Basi. Uongo ulizaliwa hapo, na baba yake ni mimi. Kwetu mtoto mdogo haambiwi kifo, huambiwa mtu amesafiri. Mara nyingi ukweli humfikia wenyewe huko kwenye michezo, kwa mtoto mwenzake mwenye mdomo. Lakini majirani zetu wa Igogo walikuwa na adabu kupita kiasi. Kila aliyeulizwa alijibu: yuko Nansio. Mama alisema tutamwambia mvua zikiisha. Mvua zikaisha. Akasema tutamwambia akipona surua. Akapona. Akasema, basi, amalize kwanza darasa la tatu.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa kiwanda cha samaki, chumba cha barafu. Ndiyo ile miaka ambayo viwanda vya minofu viliota ufukweni Mwanza kama uyoga: mnofu wa sangara unapanda ndege, panki, yaani kichwa na mifupa, linabaki kwetu, tunalikaanga na kujisifu kwamba tumekula sangara. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mabonge ya barafu nikiwa nimevaa koti zito na mabuti hadi magotini, wakati nje jua linapasua mawe. Nilipotoka kwa chakula cha mchana wenzangu waliniita Mzungu.

Mkasa wenyewe ulianza na sweta la mtumba. Selina alilichagua pale sokoni Mlango Mmoja kabla ya safari yake ya mwisho. Lilikuwa la buluu, na kifuani palifumwa ndege mnene aliyesimama wima kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Asubuhi moja ya upepo Winnie akalivaa kwenda shule, na darasa zima likaacha hesabu.

"Huyo ni mnandi wa ziwani," akasema mtoto mmoja.

"Mnandi gani ana kitambi?" akajibu mwingine. "Huyo ni padri."

Mwalimu wao, Teodora, alikuwa binti mdogo aliyetoka chuoni juzi juzi, bado ana moyo. Mwingine angewachapa wakarudi kwenye hesabu. Yeye alikwenda misheni akaazima kitabu kikubwa cha ndege, akawaonyesha kwamba yule wa sweta ni pengwini, na wiki nzima ikawa pengwini asubuhi, pengwini mchana. Jioni zamu ikawa yangu. Nikivua mabuti tu, Winnie yuko miguuni.

"Mjomba, kuna pengwini mkubwa kuliko wote. Mama akitaga yai anampa baba. Baba analiweka juu ya miguu, analifunika kwa tumbo. Halafu mama anakwenda kutafuta samaki."

"Na baba anakula nini?"

"Hali. Anasimama tu kwenye barafu."

"Anasimama mpaka lini?"

"Mpaka mama arudi."

"Basi huyo si mwanaume wa Igogo," nikasema. "Wa hapa angekwisha kuoa mwingine."

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa akivuta uzi wa sweta.

"Lakini huwa anarudi, siyo?"

"Mwalimu kasemaje?"

"Anasema anarudi. Wanajuana kwa sauti."

"Basi anarudi," nikasema, nikamwomba Mama chumvi.

Siku mbili tatu baadaye Winnie akaja na ujumbe: mwalimu anauliza kama mjomba anaweza kuleta barafu watoto waione. Barafu waliyoijua wengi wao ni ile ya juisi kwenye vifuko vya nailoni, inayouzwa getini. Msimamizi wangu alinipa bonge lililopasuka, nikalifunika kwa maranda ya mbao na gunia, nikalifunga kwenye baiskeli. Njia nzima lilinidondokea miguuni. Nilikuwa na furaha kama bwana harusi.

Nilipofika walikuwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, wanasoma insha zao. Luhaga, kitoto chenye sauti ya ng'ombe dume, alikuwa akinguruma: "Pengwini amevaa koti jeusi na shati jeupe. Anavaa hivyo kila siku hata kama hakuna harusi." Akafuata Truphosa: "Pengwini akija Mwanza atakufa kwa joto, labda akae kazini kwa mjomba wa Winnie." Nikapiga makofi kuliko wote.

Kisha akasimama Winnie na sweta lake. Hakuwa msomaji wa kasi, alilishika kila neno kwanza ndipo akalitoa.

"Mama pengwini huenda ziwani kutafuta samaki. Hakawii kwa kupenda, samaki wako mbali. Baba akishuka kwenye barafu yai litakufa, na mama akija hatakuta mtu. Kwa hiyo hashuki."

Mtu mwenye akili angesikia. Mimi nilisikia kosa la jiografia.

"Siyo ziwani, baharini!" nikapaza sauti. "Huyo ni pengwini wa Nansio!"

Watoto wakaangua kicheko. Winnie alikunja karatasi yake, akakaa.

Tukaifunua barafu. Wakaigusa, wakailamba, mmoja akapiga kelele kwamba inaunguza. Mara mwalimu akaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. "Kaka Masele, niangalizie hawa kidogo," akasema. Kuniachia mimi watoto ni sawa na kumwachia fisi bucha. Papo hapo nikazua mchezo. Nikaokota jiwe la mviringo, nikatangaza kuwa ndilo yai. Kila mtoto avue viatu, kama anavyo, apande kwenye barafu, awekewe yai juu ya miguu, tuone nani ni baba pengwini wa kweli.

Luhaga alipanda kwa majivuno na kushuka kwa kilio. "Huyu yai lake limekwisha kuwa chapati!" nikasema. Truphosa aliruka kabla hata sijaliweka jiwe. Kila aliyeshuka nilimpa jina lake, na uwanja ulikuwa unavunjika kwa kicheko.

Ikafika zamu ya Winnie. Akavua ndara, akapanda, akanyosha sweta. Nikamwekea jiwe miguuni, nikainua mikono kama mwamuzi wa ngumi.

"Jamani, huyu ni damu yangu! Huyu hashuki mpaka mama atoke ziwani na samaki!"

Ndilo neno nililosema. Nimejaribu miaka mingi kulikumbuka kwa namna nyingine na sijaweza.

Akasimama. Watoto walishangilia, mimi nikawaongoza. Akasimama. Nikaanza kuusifu ukoo wetu, nikasema babu yetu alikuwa akilala juu ya mawe. Mashangilio yakapungua, kisha yakafa, kwa kuwa watoto hutambua mchezo ulioisha kabla ya mtu mzima. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Hakuangalia jiwe, hakuniangalia mimi.

"Winnie, umeshinda. Shuka sasa."

"Bado."

"Umeshinda, mama. Shuka, nitakununulia andazi."

"Bado hajatoka."

"Nani?"

"Mama. Umesema nisishuke mpaka atoke."

Shule ile iko mgongoni mwa kilima, na katikati ya mawe mawili makubwa ziwa linaonekana lote. Nikageuka, nikayafuata macho yake. Maji yalikuwa yanameremeta. Palikuwa na mtumbwi mmoja, mbali, na wala haukuwa unakuja upande wetu.

Nilimkamata kiunoni nimshushe, akapiga yowe ambalo sijapata kulisikia kwa mtoto asiyepigwa. Akanikwaruza uso. "Niache! Nikishuka hatanikuta! Niache, Mjomba!" Jiwe likaanguka. Alipoliona jiwe chini alinyamaza, akalegea mikononi mwangu. Nyayo zake zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyekanyaga unga, na nilipozishika hakujua kwamba nimezishika.

Mwalimu Teodora alikuja mbio. Tukampeleka zahanati, akafungwa bendeji miguuni, tukaambiwa ngozi itabambuka lakini atatembea. Nikamchukua begani hadi nyumbani, nikipanda mawe ya Igogo. Njia nzima sikupata neno la utani. Nilitafuta.

Jioni mwalimu akaja kutupa pole. Winnie alikuwa amelazwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mama akajibu bila kuinua uso. "Ndiye wewe mwalimu wa ndege?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba radhi. Na nilikuwa nafikiri, kwa kuwa mama yake yuko Nansio tu hapo, tumtumie ujumbe avuke. Mtoto anamhitaji."

Mama akanitazama. Nikaelewa kwamba hata mwalimu tulikuwa tumemdanganya. Mwanzoni mwa muhula nilimwambia hivyo mimi mwenyewe, getini, nikicheka.

"Yuko Nansio kweli, Mwalimu," nikasema. "Ila chini ya ardhi. Tangu masika."

Teodora aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Na Winnie hajui?"

"Ni mtoto," Mama akasema. "Baba yake alikufa hajajua kutambaa. Leo nimwambie na huyu? Nimpe nini badala yake? Atajua akikua."

"Mama," nikasema, "leo ameganda miguu."

"Wewe nyamaza! Miguu hiyo umeigandisha wewe na kinywa chako."

Uso wangu bado uliniwasha kwa kucha za mtoto.

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ndogo, iliyoamka ghafla: "Bibi! Nani amekuja? Nasikia sauti ya mwanamke."

Tulitazamana wote watatu.

"Ni mwalimu wako," Mama akasema. "Lala."

"Ah," ikasema sauti. Kitanda kikalia kidogo.

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na alipomaliza hasira yote ilikuwa imehamia kwa mgeni. Akanyosha kidole.

"Mtoto huyu alikuwa mzima. Anakula, anacheza, anauliza mara moja moja, tunamjibu, yanakwisha. Umekuja wewe na vitabu vyako. Hapa tuna kuku, tuna bata, hukuwaona? Ukaenda kutafuta ndege wa huko duniani ambao hata Mungu amewaficha kwenye baridi, ukamwambia mtoto yatima kwamba baba husimama na mama hurudi. Ni wewe, Mwalimu! Ni wewe uliyemwua moyo!"

Teodora alisimama. Alikuwa analia, na hakujisumbua kujificha.

"Mama, mimi nilimfundisha habari za ndege. Kusubiri mlimfundisha ninyi."