Mwanamkisi Ashusha Pazia

"Nitazame mimi, Mwanamkisi! Mkeka hauajiri mtu."

Mwanamkisi aliinua macho, akayashusha tena. Simu aliiegemeza kwenye mkebe wa maziwa, na ndani ya simu alikuwa Emily, mwalimu wa kutoka bara aliyepanga chumba kwao hapa Faza. Walikuwa nyumba moja, vyumba mbalimbali, wakifanya mazoezi ya mahojiano kwa video.

"Bi Emily, uso wa mgeni ukinikodolea, maneno hunikaukia kinywani."

"Mimi mgeni? Na wali wenu nala kila siku?"

"Ukiwa humo kwenye simu wafanana na polisi."

Emily alicheka hadi simu ikamponyoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea simu za wateja wa kampuni moja ya Mombasa ya kusafirisha vifurushi, kila mfanyakazi akiwa kwao. Mwanamkisi aliachia shule darasa la sita, na kila alikobisha kutafuta kazi aliulizwa cheti. Hawa peke yao ndio waliosema cheti si lazima, wanataka kusikia mtu anavyozungumza na watu. Akishindwa hapa, mlango mwingine hakuujua.

Saa ya mahojiano ilipokaribia alioga, akavaa nguo ya Idi, akajifukiza udi.

"Udi hauendi kwa mtandao," Emily alimwambia.

"Wangu mimi, si wao."

Emily akatoka, akasimama nje ya mlango.

Nyuso mbili zikatokea kwenye simu: Bi Gakii, mwenye miwani, na Bwana Hesbon, aliyekunja uso kama mtu aliyeamshwa.

"Karibu. Tueleze habari zako," alisema Bi Gakii.

Jibu alikuwa nalo. Alilikariri akiosha vyombo, akalikariri akifua. Sasa aliona nyuso mbili zikimtazama, na pembeni uso wake mwenyewe nao ukimtazama, na jibu lote likamtoka.

"Dada, unatusikia?"

Akaitikia kwa kichwa tu.

"Tumwite anayefuata," Bwana Hesbon alimnong'oneza mwenzake, lakini simu ilikileta kila kitu.

Hapo damu ikamchemka. Alivua leso mabegani, akaifunika simu gubigubi. Emily, aliyekuwa akichungulia, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Imekatika?" aliuliza Bi Gakii.

"Haikukatika, Bi. Nimeshusha pazia." Sauti ilimtoka nzima, hata yeye akashangaa. "Kwetu mwanamke akiuza nyumbani huuza nyuma ya pazia. Hivyo ndivyo nimeuza mkate wa mofa tangu nitoke shule, na wanunuzi hurudi. Wateja wenu nao hawataniona, watanisikia. Basi nisikizeni."

Kisha Bwana Hesbon akafoka, "Haya, mimi ni mteja! Gauni la harusi la binti yangu halijafika, na harusi ni kesho. Ninyi ni wezi!"

"Wezi hawapokei simu, Bwana. Kwanza, hongera kwa harusi. Bibi harusi yuko wapi?"

"Analia na mamake!"

"Basi usikate simu, maana ukiikata utarudi kwenye vilio viwili."

Bi Gakii akaangua kicheko.

"Nipe jina lililoandikwa kwenye kifurushi na mji kilikotoka," Mwanamkisi aliendelea. "Nitakitafuta mwenyewe. Kabla ya adhuhuri nitakupigia, kimepatikana au hakikupatikana."

"Na kisipopatikana?"

"Nitakwambia kweli mapema, uwahi kumwazimia binti gauni jingine. Sitakuacha ungoje kitu ambacho sisi wenyewe hatujui kiliko."

Bwana Hesbon alisahau kugomba. Alijifanya mteja mlevi, Mwanamkisi akamtuliza. Akajifanya mteja anayetukana, Mwanamkisi akamnyamazisha bila kumtukana.

"Inatosha," alisema Bi Gakii. "Majibu tulikuwa tuyatoe wiki ijayo, lakini sioni haja ya kukungojesha. Kazi umeipata. Unaanza Jumatatu."

Mwanamkisi alishukuru kwa adabu, akaaga, akahakikisha simu imekatika. Kisha akapiga kigelegele kilichowarusha kuku uani. Emily aliingia mbio, wakakumbatiana, wakazunguka chumba kizima.

"Nani kaolewa huko?" jirani yao, Bi Mahfudha, aliuliza kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Hajaolewa mtu, Bi Mahfudha!" alijibu Mwanamkisi, na mtaa wote ukasikia. "Nimeajiriwa!"