Mama wa Kwenye Pakiti

"Mama Wilson, hivi siku hizi unalala na ng'ombe?"

Jirani wa Eliona, Grace, ndiye aliyeuliza hivyo, asubuhi ya kupeleka maziwa, mbele za watu, na watu wakacheka. Eliona naye akacheka, akidhani ni utani wa kila siku. Ndipo Grace akafungua fundo la kanga na kutoa pakiti ya ndizi kavu. Bintiye, mhudumu wa hoteli huko Moshi mjini, ndiye aliyekuja nayo. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya Eliona ameketi peku mlangoni pa banda la ng'ombe, kanga yake imepauka hata maua hayaonekani. Chini ya picha, mistari mitatu ya Kiingereza.

"Binti kanisomea," Grace alisema. "Eti mumeo alikufa akakuacha huna hata pa kulaza ubavu. Nikasema, Ndelilio yupi huyo? Huyuhuyu niliyemwona akipandisha mchanga wa kujengea nyumba kutoka mtoni miaka minne?"

Eliona alichukua ndoo yake. Akaondoka kabla maziwa yake hayajapimwa.

Kiingereza hakukijua, shule yake iliishia darasa la saba. Lakini picha aliijua. Ilipigwa mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka, akina mama ishirini na watatu wa usharika wakaanza kukausha ndizi kisukari kwenye makaushio ya mbao na nailoni. Shirika la mjini likawashika mkono, likamtuma afisa wake, Bwana Denis, na kamera. Denis alipoiona nyumba ya Eliona, ya matofali na bati, vyumba vitano, alikuna kichwa.

"Mama, hii nyumba itatuharibia. Nani atamwonea huruma mtu mwenye madirisha ya vioo?"

Akina mama wakaangua kicheko. Denis akachagua banda. Hayo Eliona angeweza kumbebesha Denis, lakini viatu hakuna aliyemwambia avue. Alivivua mwenyewe, akavificha nyuma ya majani ya ng'ombe, kisha akaulegeza uso kama mtu anayetoka kuzika. Tangu siku hiyo, kila Jumapili, usharika ulipofika kwenye maungamo, yeye alitaja dhambi nyingine zote na hiyo akairuka.

Safari hii hakuweza kuiruka. Jioni hiyohiyo alikwenda kwa mwenyekiti wao, Mwalimu Esther, kuomba picha iondolewe.

"Umekuja wakati gani jamani!" Esther alisema, akimvutia kiti. "Mfadhili anakuja Alhamisi. Anataka kutupa tanuri la umeme, tukaushe hata wakati wa mvua. Ila anasema kwanza amwone yule mama wa kwenye pakiti kwa macho yake."

"Mwalimu, mimi sitaki tena. Namwaibisha marehemu."

"Dakika kumi tu, mwenzangu. Masika yaliyopita tuliwamwagia nguruwe ndizi ngapi? Mama Primus ana watoto wawili sekondari kwa ndizi hizi. Marehemu alikuwa mtu wa watu, angekuelewa."

"Na mama mkwe je?"

"Mwache ndani apumzike. Wageni tutawapitisha njia ya shambani, migomba iifiche nyumba."

Mama mkwe ndiye aliyemtia Eliona hofu. Ndelilio alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi mama hukaa kwa mwanawe wa mwisho. Mwanawe alipofariki, bibi akabaki mikononi mwa Eliona. Miaka tisa walikula chungu kimoja. Hakuna mgeni aliyeingia ile nyumba bila bibi kumshika mkono na kumwonyesha ukuta mmoja mmoja, huu Ndelilio aliujenga kabla ya Pasaka, ule baada ya mavuno.

Alhamisi Eliona alimwacha kitandani na kikombe cha chai. Lakini ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, na bibi akaufuata moto kwenye jiko la nje kama kawaida yake. Wageni walipomaliza kutazama banda na kuinama kuingia jikoni, walimkuta kwenye kigoda chake anamenya ndizi za mchare. Nani angethubutu kumwinua?

"Shikamoo," yule mfadhili alisema, ulimi mzito.

"Marahaba, mwanangu. Karibu uote moto." Bibi alifurahi, akamshika mkono.

Mgeni akauliza jambo, na Denis akaligeuza kwa Kiswahili. "Mama, anauliza mumeo alikuachia nini."

Mlangoni akina mama walikuwa wamebanana, Mama Primus mbele. Esther alimkazia macho Eliona. Bibi naye aliinua uso, anatabasamu, kwa kuwa hakuna kitu alichopenda kusikia kama habari za mwanawe huyo.

Denis akakohoa.

"Hakuna," Eliona alisema chinichini.

"Amesemaje?" bibi akauliza. "Paza sauti, mwanangu. Masikio yangu yamechoka, na mgeni naye asikie."

Hapo Eliona alijua kwamba Mungu amempa nafasi ya pili, na wala si kila mtu hupewa. Neno alilohitaji lilikuwa moja tu, nyumba. Alimtazama Mama Primus.

"Hakuniachia kitu, mama."

Denis aliligeuza neno hilo upesi. Mgeni akaweka mkono kifuani, akainamia daftari lake, macho yamemlowa. Esther akashusha pumzi. Eliona alitazama majivu, maana hapakuwa na uso hata mmoja mle ndani alioweza kuutazama.

Bibi aliweka kisu juu ya maganda. Akajifuta utomvu kidole kimoja kimoja, bila haraka, akashika nguzo akasimama. Mgeni alimpisha, akidhani anakwenda kuleta kitu. Akina mama mlangoni nao wakaachana. Bibi akampita mkwewe karibu kiasi kwamba kanga zao ziligusana, akatoka, akaingia kwenye ukungu upande wa nyumba.