Malkia Aliyeketi Penye Tundu

Yule Bwana, Mzungu mpenda mambo ya kale, alipanda kwetu Mbuji kutoka Liuli akiwa ameshaamua. Kule Ziwa Nyasa alikuwa amelipima jiwe kubwa la bandarini, lile ambalo Wajerumani walilifananisha na simba mwenye kichwa cha mtu, akasema limechongwa na watu wa Misri. Jiwe lililoumbwa na Mungu mwenyewe! Aliposikia kwamba milimani kwetu kuna pango lenye ukuta, akaona Mmisri wake amefika mpaka huku.

Ukuta ulikuwa wa mawe matupu, bila udongo, na haukuwa umebonyea hata kidogo. Bwana aliusifu mchana kutwa, akasema kesho yake ataubomoa aone kilichomo ndani. Kisha akamwambia mkalimani wake, Cuthbert, atueleze kwamba watu weusi hawawezi kujenga hivyo.

Mama yangu, Notburga, wakati huo kikongwe, akajibu, "Mwambie umejengwa na mama yangu."

Bwana akacheka. Nikataka kumjibu, lakini mama akanishika mkono, kwa sababu alikuwa na haja moja tu: ukuta ukibomolewa, apewe mifupa ya mama yake akaizike.

Akasimulia. Wangoni walipokuja na vita, watu wa kitongoji chao waliingia pangoni wakajenga ukuta wakiwa ndani. Yeye alikuwa mtoto mdogo, ana kifaduro, na kikohozi kingewafichua wote. Mama yake akampitisha kwenye tundu, shangazi akampokea nje na kukimbia naye msituni. Tundu likazibwa kwa ndani. Hata hivyo wapiganaji waliziona nyayo, wakawasha moto mlangoni, moshi ukajaa pangoni. Hakutoka mtu.

"Pole sana, bibi," Cuthbert alisema. Nadhani alitafsiri yote, maana Bwana aliacha kucheka.

Kesho yake ukuta ukabomolewa. Wengi walikuwa wamelala mwisho wa pango, mifupa imechanganyikana. Mmoja tu alikuwa ameketi ukutani, kichwa kimeegemea jiwe lililoziba tundu.

Mama akapiga magoti. "Ni yeye. Alikuwa anasikiliza kama bado nakohoa." Akalia kama mtoto, nami nikalia.

Bwana alizungumza kwa furaha, tena kwa muda mrefu. Cuthbert alitazama chini.

"Bwana ameona huruma. Anasema mifupa ya watumishi mchukue mkaizike."

"Watumishi gani?" nikauliza.

"Hawa waliolala. Huyu aliyeketi, anasema, ni malkia wa watu wa kale, amewekwa alinde mlango. Anaondoka naye."

"Si umemwambia ni nani?"

"Nimemwambia, dada, na nimerudia. Anasema mwanamke wa kijijini hawezi kukaa hivyo."

Walimfunga kwa pamba ndani ya sanduku, kwa heshima ambayo sijapata kuona Mzungu akimpa mtu mweusi aliye hai. Wapagazi wakashuka naye kwenda Liuli kwenye meli. Mama aliwafuata mpaka miguu ikamshinda, akakaa njiani.

Tuliwazika waliobaki. Padri alisoma sala, mama akataja majina aliyoyakumbuka. Kisha akalibeba lile jiwe la tundu, akalilaza kwenye kaburi la mwisho, akalifunika kwa khanga yake. Padri alisita, akasema jiwe halizikwi.

Nikamwambia alizike, au aondoke atuachie tumzike bibi yangu wenyewe.