Nipe Mji

Nalala mchana, saa nane na nusu, mke wangu Mwamini yuko uani anafua, na kabla usingizi haujanichukua nakumbuka kitu kimoja tu: dawa ya leo nimeimwaga. Ile dawa ya maji, tamu ya kukera, ninayokunywa mara tatu kwa siku ikinipeleka chooni kila saa, nimeimwaga kwenye kopo la maua dirishani, kwa sababu Kondo yuko sebuleni na mimi nimechoka kupita mbele ya mgeni nimeshikilia suruali. Daktari alishasema, bila dawa hiyo sumu ambayo ini langu limeshindwa kuichuja itanipanda kichwani. Alhamisi mdogo wangu Nyamizi anatoka Nzega, tukalazwe wote wawili, akatwe kipande cha ini lake nipandikizwe mimi. Ukija umechanganyikiwa, alisema daktari, hatumkati mtu. Leo ni Jumatatu. Nafumba macho.

Natembea. Barabara ya vumbi inagawanyika, kila tawi linagawanyika tena, na zote zinaingia mji uleule, nyumba zote ni nyumba yangu, na katika kila kioo cha dirisha nipo mimi, macho ya manjano, tumbo mbele, viganja vinapigapiga hewa bila mimi kuviamuru. Mbele yangu anatembea mtu aliyevaa koti langu la kijivu. Anatembea kama mimi, anasimama kujikuna shingo kama mimi. Najua ni Kondo, mtani wangu, Mzaramo, maana sisi Wanyamwezi tukifiwa watani huvaa nguo za marehemu wakamwigiza pale pale msibani ili watu wacheke. Naogopa. Namwuliza, nani kafa? Anageuka, na hana uso, pana ngozi tupu. Kitendawili, anasema. Mdomo wangu unajibu wenyewe, tega.

Nimemwaga tamu, umeota uchungu.

Sijui, nasema. Basi nipe mji, anasema, kama tulivyokuwa tukiombana utotoni, na mimi natoa upesi ule ulio mbali, chukua Urambo. Nyuma yangu barabara moja inajikunja, na inaondoka na sura ya mama yangu aliyenizaa huko. Natafuta pua yake, natafuta sauti yake, hakuna. Tunatembea, mji uleule unarudi, vioo vilevile. Kitendawili. Tega. Nimemwaga tamu, umeota uchungu. Najua kwamba najua, jibu liko kwenye ncha ya ulimi, nalikaribia, linateleza. Nipe mji. Nampa Tabora, nilikooa, na hapo hapo yule mwanamke anayefua uani kwangu simkumbuki jina, miaka ishirini na sita chini ya bati moja, simkumbuki jina, nalia kwa hasira.

Umebaki mji mmoja. Mwisho wa barabara naiona stendi ya Nzega, na Nyamizi ameketi juu ya begi lake, mkono kaukumbatisha ubavu wa kulia, ananingoja. Nipe mji, anasema asiye na uso, na safari hii anasema kwa sauti yangu. Mkono wangu unainuka kuutoa. Hapana, nasema, huyu simtoi. Aibu inanichoma lakini nasema, ni dawa. Nimeimwaga mwenyewe, niliona haya. Ni dawa.

Nafumbua macho. Mwanamke kaniinamia, ameinua mikono yangu anaitazama inavyopigapiga. Leo siku gani, ananiuliza. Jumatatu, nasema. Na mimi nani? Nachelewa. Anaishika mikono yangu kwa nguvu zaidi.

Mwamini, nasema. Mwamini, dawa nimeimwaga kwenye maua.

Hanigombezi. Anaketi kitandani ghafla, kisha anainuka kufuata chupa. Mlangoni amesimama Kondo, amenipa mgongo, amevaa koti langu. Mwamini anasema mgeni alisikia baridi, naye akampa. Mbona leo hunitanii, namwuliza Kondo. Kila siku ananiita Mnyamwezi mwenye macho ya embe. Nakunywa kikombe chote, tamu ile ile ya kukera, na ninapomeza namtafuta mama yangu, pua yake, sauti yake, bado hayupo. Kondo, geuka nikuone, nasema. Anajikuna shingo polepole. Namrudishia Mwamini kikombe, naushika mkono wake, na Kondo bado hajageuka.